Sauti Iliyojua Kunyamaza

Watu wakisikia habari za programu zinazowasomea wasioona maandishi ya kompyuta, hudhani kazi ngumu ilikuwa kuifundisha mashine kusema. Nilikuwapo, na nasema sivyo. Mashine za kusema zilikuwapo kabla sijafika Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kazi iliyowachosha mafundi, na iliyotugharimu sisi watumiaji miaka mingi, ilikuwa kuamua mashine iseme nini, iseme lini, na inyamazishwe vipi. Kabla ya hapo hatukuwa tunasoma. Tulikuwa tunasomewa.

Kusomewa nilikujua tangu utotoni. Nilizaliwa Mombasa, nikaanza masomo katika shule ya wasioona ya Likoni, kisha nikapelekwa Thika. Tulikuwa na nukta nundu, na tulikuwa na mashine za Perkins za kuandikia nukta hizo, zile nzito za chuma zilizoundwa Massachusetts, ambazo mlio wake darasani ulikuwa unasikika hadi uwanjani. Kitabu cha nukta nundu kilikuwa chetu kabisa. Unakishika, unarudi nyuma, unasimama kwenye neno mpaka likuingie, unaruka usilolitaka. Lakini vitabu hivyo vilikuwa vichache, na kila kilichobaki, magazeti, fomu, barua, hata matokeo ya mitihani, kilipita kwanza kwenye macho ya mtu mwingine. Mtu huyo unamshukuru, maana anakupa muda wake. Hata hivyo yeye ndiye anayechagua aruke wapi, na kila anachokusomea anakijua.

Nilipopata nafasi ya kusoma hisabati na kompyuta katika chuo kimoja karibu na Boston, mambo ya shule yalikuwa na utaratibu. Wanafunzi walilipwa kunisomea vitabu. Barua za nyumbani ndizo zilizonitesa. Zilikuja kwa Kiswahili, na wasomaji wangu wa Kimarekani hawakuweza hata kuianza sentensi ya kwanza. Kulikuwa na dada mmoja Mtanzania upande wa pili wa mji ambaye alinisaidia kwa moyo mweupe. Nilikuwa napanda treni kwenda kwake na bahasha mfukoni, naye akanisomea taratibu, akishusha sauti palipokuwa na jambo zito. Baba alikuwa mgonjwa wakati huo na hakutaka watu wajue ugonjwa wake. Dada yule alijua kila kitu cha kwetu: dawa, madeni, nani kamposa nani na nani kakataa. Hakutoa siri hata moja. Lakini hazikuwa siri zake kuzibeba.

Katika maktaba ya chuo kulikuwa na mashine ya kusoma ya Kurzweil. Mbuni wake, Ray Kurzweil, aliionyesha kwa umma Januari 1976, na jioni hiyohiyo mtangazaji Walter Cronkite wa CBS akaiachia isome maneno aliyozoea kufungia taarifa yake ya habari. Mwanamuziki Stevie Wonder alikuwa miongoni mwa wanunuzi wa mwanzo. Ilikuwa mtambo mkubwa wa bei ya kutisha, makumi ya maelfu ya dola, wenye kioo juu unakolaza karatasi. Kamera inapita chini ya kioo, kompyuta inazitambua herufi za chapa, na sauti nzito ya bati inazisema. Chama cha kitaifa cha wasioona cha Marekani kilishiriki kuijaribu, na alama ya mikono ya watumiaji wale ilionekana kwenye vitufe vyake: kulikuwa na cha kusimamisha, cha kurudia mstari, na cha kutaja neno herufi kwa herufi.

Kaka yangu alikuwa karani bandarini Kilindini na alikuwa na taipureta ofisini. Nikamwomba aache kuniandikia kwa mkono, apige chapa. Barua ya kwanza ilipofika niliilaza kwenye kioo, nikavaa spika za masikioni, nikabonyeza. Mashine ilikuwa imefundishwa kanuni za Kiingereza tu, na Kiswahili ikakitamka kama mtu mwenye kokoto mdomoni. Mistari mizima haikushikika. Nikawa nasimamisha, narudia, naomba herufi, naliunganisha neno mwenyewe kichwani. Ukurasa mmoja ulichukua sehemu kubwa ya alasiri. Lakini habari ya baba niliijua mimi peke yangu, kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Ndipo nilipoelewa kwamba ubaya wa sauti ungevumilika. Vile vitufe ndivyo ambavyo nisingekubali kuvikosa.

Kwenye chumba cha kompyuta hali ilikuwa duni zaidi. Wenye macho walikuwa wamekwisha kuacha kadi za kutobolewa na kuhamia kwenye skrini. Kwetu skrini ilikuwa kioo kitupu. Wengine tulitumia Optacon, kifaa alichokibuni John Linvill wa Chuo Kikuu cha Stanford kwa ajili ya binti yake asiyeona. Mkono mmoja unasogeza kamera ndogo juu ya maandishi, kidole cha shahada cha mkono mwingine kinalala kwenye kijishimo chenye vipini 144 vinavyotetemeka kwa umbo la kila herufi. Kulikuwa na lenzi ya kuisoma skrini pia. Niliitumia usiku mzima nikitafuta kosa kwenye programu, na asubuhi kidole kilikuwa kimekufa ganzi. Kwa kusoma ankara au jina kwenye bahasha Optacon ilikuwa rafiki mwema. Kwa kazi ya siku nzima ilikuwa adhabu.

Halafu zikaja skrini zinazosema, kama Total Talk ya Maryland Computer Services, kampuni ya Deane Blazie. Na vikaja visanduku vya sauti vya bei nafuu kidogo, kama Type 'n Talk ya Votrax, unavyovichomeka nyuma ya kompyuta. Hapo ndipo palipozuka tatizo ninalolizungumzia. Kisanduku kilikuwa na akiba yake ya ndani. Kompyuta ikimwaga maneno, kisanduku kinayapokea na kuanza kuyasema yote, kwa mpangilio yalivyokuja, na hakina habari kwamba wewe umekwisha kusikia ulichotaka. Unaandika amri moja, skrini inajaa orodha ya mafaili, na wewe unakaa umesubiri mpaka sauti imalize la mwisho. Unataka kujua mstari wa tatu ulisema nini? Umekwisha kupita. Yule msomaji wa kulipwa angalau ungemwambia, "Samahani, rudia hapo."

Jibu lilitoka pale watu walipotambua kwamba programu isiyasikilize maneno yanayopita, bali iende yenyewe kuyatazama yalipohifadhiwa. Kompyuta ya IBM ya wakati ule ilikuwa na skrini ya mistari 25, kila mstari nafasi 80, na kila moja ya nafasi hizo 2,000 ilikuwa na makao yake kwenye kumbukumbu ya mashine: baiti moja ya herufi, baiti moja ya rangi. Programu ndogo ikijificha kwenye kumbukumbu, ikakaa macho huku programu nyingine zikifanya kazi, inaweza wakati wowote kuchungulia nafasi yoyote na kuisema. Wewe unabonyeza, nayo inakujibu: mstari huu, neno hili, herufi hii, rangi yake hii. Ukibonyeza kitufe kingine inakatiza hapohapo na kusikiliza unataka nini.

IBM yenyewe ilikuwa na mtu aliyeliona hili mapema. Jim Thatcher alikuwa mwanahisabati katika idara yake ya utafiti, na pembeni yake alifanya kazi Jesse Wright, mwalimu wake wa zamani, mwanahisabati pia, ambaye alikuwa haoni. Programu ambayo Thatcher aliitengeneza katikati ya miaka ya 1980 ilianza kwa sababu ya mahitaji ya mwenzake huyo. Ilikuja na kibao chake cha pembeni chenye vitufe 18, ili amri za kusoma zisigongane na za kuandika. Iliitwa Screen Reader, yaani msomaji wa skrini, na jina la bidhaa hiyo moja likaja kuwa jina la programu zote za aina hiyo.

Nilipoajiriwa na kampuni moja ya bima mjini Boston kama mtunga programu, niliwekewa mezani kisanduku cha DECtalk. Kilikuwa kimetoka mwaka 1984 kwa kampuni ya Digital ya Maynard, kwa msingi wa kazi ya Dennis Klatt wa MIT. Kilikuwa na sauti kadhaa, na ile kuu, Paul, Klatt aliijenga kwa kupima sauti yake mwenyewe. Klatt alifariki mwaka 1988. Nimeisikiliza sauti hiyo saa nane kwa siku kwa miaka mingi kuliko nilivyowasikiliza ndugu zangu wa damu. Niliikimbiza kasi mpaka wenzangu ofisini wakawa hawatambui kama ni Kiingereza. Mimi nilikuwa nasikia kila mabano, kila nukta mkato.

Kuna jambo ambalo mwenye macho hawezi kulikisia. Programu ya hesabu ya Lotus 1-2-3 ilikuwa na orodha ya amri juu ya skrini, na amri iliyochaguliwa ilitofautiana na nyingine kwa rangi tu. Maneno yote yapo, lakini upo wapi? Ile baiti ya pili, ya rangi, ndiyo iliyotuokoa. Programu ya kusoma iliambiwa ifuatilie palipogeuka rangi na kupasema peke yake. Kwa upande mwingine WordPerfect ilikuwa na skrini karibu tupu, maandishi yako na mstari mmoja wa taarifa chini, na wasioona tuliipenda kwa sababu hiyo. Mambo kama haya hayakuandikwa kwenye kijitabu chochote cha kampuni. Yalipitishwa kwa simu na kwa kaseti kutoka kwa asiyeona mmoja hadi mwingine.

Ndiyo maana sishangai kwamba Ted Henter alifanikiwa pale wenye elimu kubwa kuliko yake walipokwama. Henter alikuwa mwendesha pikipiki wa mashindano aliyepoteza macho katika ajali ya gari Uingereza mwaka 1978. Alirudi Florida, akasomea kompyuta, akafanya kazi na Blazie akiwajibu wateja kwenye simu. Mmoja wa wateja hao, Bill Joyce, mfanyabiashara asiyeona, akawa mbia wake, na wakaanzisha kampuni ya Henter-Joyce. Programu yao ya kusoma skrini, JAWS, ilitoka mara ya kwanza 1989. Ilikuwa na vishale viwili. Kimoja ni kile cha kompyuta, pale unapoandika. Cha pili ni cha kwako, unazurura nacho juu ya skrini yote na kusoma chochote huku cha kwanza kikibaki palepale. Mwenye macho hufanya hivyo bila kujua: mkono unaandika hapa, jicho linatazama kule. Henter alilijua pengo hilo kwa sababu alikuwa analiishi kila siku. Sidhani kamati yoyote ya wahandisi wenye macho ingeanzia hapo.

Wakati huohuo nilikuwa na kazi yangu ya jioni, baada ya ofisi kufungwa. DECtalk ilikubali kupokea matamshi badala ya tahajia: ukiandika alama za sauti ndani ya mabano ya mraba, inazitamka ulivyoziagiza bila kufuata kanuni za Kiingereza. Nikakaa kutunga programu ya kugeuza Kiswahili kuwa alama hizo. Nilitegemea kazi ya miezi. Ikawa kurasa chache tu za maagizo. Irabu tano, kila moja na sauti yake isiyobadilika. Mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Ng'ombe na ng'ambo zilihitaji uangalizi, na dh, gh na kh za maneno ya Kiarabu hazikupatikana zote kwenye sauti za Kimarekani, lakini kwa ujumla mashine ilisoma barua za kaka na nikazifuata bila kusimamisha. Paul alikuwa anazungumza kama Mmarekani aliyekaa pwani kwa mwaka mmoja. Ilitosha.

Jambo hilo halijaniacha mpaka leo. Kiingereza, lugha ambayo tahajia na matamshi yake hayapatani, kilihitaji mamia ya kanuni na kamusi nzima ya maneno yasiyofuata kanuni, na wataalamu wa MIT walitumia miaka mingi kukifanya kisemeke. Kiswahili kingeweza kusemeshwa na mwanafunzi mmoja mwenye bidii katika likizo yake. Kilichokosekana ni mnunuzi. Visanduku vilikuwa vinauzwa maelfu ya dola, waliovinunua walikuwa serikali na waajiri wa nchi tajiri, na mtoto wa Likoni hakuwa kwenye hesabu ya mtu yeyote.

Kisha dunia ya skrini ya maandishi ikaanza kuondoka chini ya miguu yetu. Kwenye Macintosh, na baadaye Windows, kumbukumbu ya skrini haikuwa tena na herufi. Ilikuwa na nukta za rangi. Herufi A ilikuwa mchoro kama ulivyo mchoro wa kikapu cha taka, na programu zetu zilizozoea kuchungulia kumbukumbu zilikuta rangi tu. Juu ya hayo kulikuwa na kipanya, kifaa kinachomtaka mtu atazame anapoelekeza. Waajiri walikuwa wanahamia Windows idara moja baada ya nyingine. Ofisini kwetu niliambiwa, kwa upole, kwamba kompyuta yangu ya zamani ingebaki ilipo kwa muda na kwamba kazi mpya zingepewa wengine. Nawajua watu waliokuwa hodari kuliko mimi, wapokea simu, makarani, watunga programu, waliotoka kazini miaka hiyo na hawakurudi. Sheria ya haki za watu wenye ulemavu ilikuwa imetiwa saini Julai 1990. Ilikuwa mikononi mwetu na hatukuwa na chombo cha kuitumia.

Walioonyesha njia walikuwa Berkeley Systems wa California. Mwaka 1989 walitoa outSPOKEN kwa Macintosh. Mbinu yao ilikuwa kuyadaka maneno kabla hayajageuka nukta. Kila programu inapotaka kuandika kwenye skrini huiomba kompyuta: chora neno hili, mahali hapa. outSPOKEN ilikaa njiani, ikaandika kila ombi kwenye daftari lake la siri, na daftari hilo likawa skrini ya pili ya maandishi isiyoonekana, ambayo asiyeona anaisoma kama zamani. Kwa Windows mbinu hiyohiyo ilikuwa ngumu zaidi, maana kila programu ilikuwa na ujanja wake wa kuchora, na kila toleo jipya lilivunja yaliyotengenezwa. JAWS ya Windows ilitoka Januari 1995. Agosti ya mwaka huohuo ikaja Windows 95, na mbio zikaanza upya.

Hapo jimbo la Massachusetts, kupitia tume yake ya wasioona, liliiambia Microsoft wazi kwamba serikali ya jimbo ingeacha kununua mfumo ambao wafanyakazi wake wasioona hawawezi kuutumia. Nilifurahi sana kusikia hivyo, na nasema kwa uhakika wa mtu aliyekuwa na ajira yake hatarini: maombi yetu ya miaka mingi hayakufanya kilichofanywa na tishio lile la mnunuzi mkubwa. Mwaka 1997 Microsoft ilitoa njia rasmi ya programu kujieleza zenyewe kwa msomaji wa skrini: hiki ni kitufe, jina lake hili, kimebonyezwa. Njia hiyo ilikuwa na mapungufu mengi. Lakini kuanzia hapo hatukuwa wezi wa maneno njiani. Tulikuwa na mlango.

Nilirudi kwenye kazi kamili muda mfupi baadaye, na nikabaki mpaka kustaafu. Mengi yaliyofuata yanajulikana na sitayarefusha. Bei ndiyo iliyobaki kuwa ukuta. Programu za kusoma ziliuzwa kwa mamia ya dola, na toleo la ofisini la JAWS lilipita dola 1,000, na mara nyingi lilizidi bei ya kompyuta yenyewe. Kila nilipokwenda Mombasa nilikuta kompyuta za msaada kwenye meza za wasioona, na hakuna wa kuzisemesha.

Aprili 2006 kijana asiyeona wa Australia, Michael Curran, alianza kutunga msomaji wa skrini wa kugawiwa bure, NVDA, na mwenzake James Teh, asiyeona pia, akaungana naye. Sauti waliyoichagua ilikuwa eSpeak ya Jonathan Duddington, programu ndogo sana isiyo na kisanduku chochote, iliyojengwa kwa kanuni za matamshi ambazo mtu yeyote anaweza kuzifungua na kuziongeza. Watu wa lugha mbalimbali waliongeza lugha zao. Kiswahili kimo. Nilipofungua faili la kanuni zake niliona ni fupi, kama nilivyotarajia.

Sauti hiyo si tamu, na wageni huikimbia. Neno la Kiingereza likiingia katikati ya sentensi ya Kiswahili hulitamka kwa kanuni za Kiswahili, na vijana wetu, ambao hawaandiki sentensi tatu bila kuchanganya, wanalalamika. Mpwa wangu, ambaye naye haoni na anafundisha kompyuta huko Mombasa, amezoea kubadilisha lugha ya sauti katikati ya ukurasa kwa mkato wa vitufe, na huwafundisha wanafunzi wake kufanya hivyo siku ya kwanza. Siku ya kwanza pia huwafundisha kitufe cha Control, kile cha kuinyamazisha, kabla hajawaonyesha namna ya kufungua faili. Nilimuuliza ni nani aliyemwambia aanzie hapo. Akasema hakuambiwa na mtu. Wanafunzi huuliza hicho kwanza.